Kilomita 18 za lami kila siku: nichukue haibridi ipi kati ya hizi tatu?

Fundi, habari za kazi?

Naenda kazini kwa baiskeli, kilomita 9 kwenda na 9 kurudi, siku tano kwa wiki. Njia yote ni lami, ila ina matuta, viraka vya hapa na pale na mlima mmoja wa kama kilomita moja unaonitoa jasho. Nina kilo 92, urefu sentimita 174, na begi langu lenye kompyuta na chakula cha mchana halipungui kilo 5.

Baiskeli niliyonayo ni ya milimani, ya bei chee, tairi za inchi 26 zenye meno makubwa. Imenivunjia ekseli ya nyuma mara mbili, na spoki zinakatika upande wa gia. Juu ya hayo, nikifika kazini vidole viwili vya mwisho vya kila mkono vimekufa ganzi. Nimeamua kuhamia haibridi, ile baiskeli iliyo kati ya ya milimani na ya mbio, lakini mfuko wangu hauna nafasi ya kukosea.

Nimebakiwa na tatu. Ya kwanza ni mpya: foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) ya springi, gia 21, breki za diski za waya. Ya pili nayo ni mpya, bei sawa na ya kwanza: foku ngumu ya chuma, gia 16, breki za V, tairi za milimita 38. Muuzaji mwenyewe anaiponda, anasema ni mtindo uliopitwa. Ya tatu imetumika lakini ni ya daraja la juu: sahani moja mbele, gia 9 nyuma, breki za diski za mafuta. Mwenyewe anaiuza kwa robo tatu hivi ya bei ya hizo mpya.

Je, springi itaniondolea ganzi? Gia 21 si bora kuliko 16 kwa ule mlima? Ekseli inavunjika kwa sababu ya uzito wangu? Tena nyumbani kuna tairi mbili mpya za inchi 28 zilizobaki kwenye baiskeli ya mzee, ile ya breki za fimbo. Zitaingia kwenye haibridi? Nisaidie kabla sijatoa hela.

Ni mimi, Ganzi Mkononi

*

Ndugu Ganzi Mkononi,

Chukua ya pili. Ya tatu inaweza kuishinda, lakini kwa sharti ipite ukaguzi nitakaokuandikia huko chini. Ya kwanza iache hata wakikupunguzia bei. Sababu kubwa haionekani kwenye rangi wala kwenye stika ya gia. Imejificha ndani ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, na ndiyo hiyohiyo iliyokuvunjia ekseli. Tuanzie hapo.

Ekseli inavunjikaje

Kilo 92 si kosa. Ni mzigo wa kawaida kabisa kwa gurudumu lililoundwa vizuri. Mwenye kosa ni friwili.

Kwenye baiskeli nyingi za bei ya chini zenye gia 6 au 7 nyuma, fungu zima la meno, pamoja na vile vimeno vya ndani vinavyolia tiki-tiki ukiacha kukanyaga, ni kipande kimoja kinachokazwa kwa nyuzi juu ya habu; hicho ndicho friwili. Fungu hilo linakula nafasi yote ya upande wa kulia, kwa hiyo gololi za kulia zinasukumwa ndani, nyuma ya meno. Kutoka kwenye gololi hizo hadi pale ekseli inaposhika fremu kunabaki sentimita kadhaa za ekseli tupu, isiyoshikiliwa na kitu. Uzito wako unashuka juu ya kipande hicho na cheni inakivuta upande huohuo wa kulia. Kila tuta linakipinda kidogo na kukirudisha. Kikifanyiwa hivyo mara nyingi chuma kinachoka, kinapinda moja kwa moja, na mwisho kinakatika, kwa kawaida karibu na koni ya kulia, kile kipande kinachobana gololi. Ukibadilisha ekseli peke yake, umenunua muda tu. Ndiyo maana yako imerudia.

Kwenye habu ya kaseti, vile vimeno vya tiki-tiki viko ndani ya habu yenyewe na meno yanachomekwa kwa juu. Hapo gololi za kulia zinasogea nje hadi karibu na fremu. Ekseli tupu inabaki fupi sana, na kupinda kunakuwa jambo la nadra hata kwa mtu mzito kuliko wewe.

Kuzitofautisha dukani hakuhitaji spana. Omba gurudumu la nyuma liinuliwe, rudisha pedali kinyumenyume, kisha kodolea macho katikati ya fungu la meno, kwenye pete yenye mikato ya kuingizia kifaa cha kufungulia. Pete ikizunguka pamoja na meno, hiyo ni kaseti. Meno yakizunguka na pete ikabaki imetulia, hiyo ni friwili. Gia 21 maana yake ni 3 mbele mara 7 nyuma, na 7 nyuma kwenye baiskeli ya bei hiyo huwa friwili mara nyingi mno. Gia 16 ni 2 mara 8, na 8 huwa kaseti kwa kawaida, lakini friwili za gia 8 zipo sokoni. Kwa hiyo hata ile ya pili ninayokusukumia, iangalie kwa macho yako. Ukikuta ni friwili, ushauri wangu wote wa kuichukua unafutika, na hapo utafute nyingine yenye kaseti hata kama rangi yake haikupendezi.

Spoki nazo zina hadithi ya karibu. Gurudumu la nyuma linasukwa likiwa limeegemea kulia ili kuyapisha meno, hivyo spoki za kulia zinakazwa kuliko za kushoto na ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi. Kwenye magurudumu yanayofungwa haraka haraka kiwandani, mkazo huwa mdogo na hauko sawa. Spoki iliyolegea inalegea zaidi kila inapofika chini na kukazika tena ikipanda, mzunguko hadi mzunguko, hadi inakatika pale kwenye kona inapoingia habu. Spoki ikikatika kwenye kona, lawama ni ya mkazo, na mwendeshaji hana hatia.

Hivyo ukiwa dukani, bana spoki mbilimbili kwa vidole kuzunguka gurudumu zima, kisha zigonge kwa ukucha. Za upande mmoja zinatakiwa kutoa sauti zinazokaribiana. Ikiwepo inayotoa mlio mzito wa kulegea kati ya wenzake, gurudumu hilo linahitaji fundi wa kulikaza kabla hujalipanda. Kwa mzigo wako nataka spoki 32 nyuma kwa uchache, 36 zikipatikana ni heri, na rimu ya kuta mbili. Kuta mbili utazijua kwa kuchungulia tundu la valvu: ukiona chumba tupu kati ya tabaka mbili za alumini, ndiyo yenyewe.

Springi, na ganzi yako

Foku ya springi ya bei ya chini ni koili ya chuma ndani ya bomba, kwa kawaida bila mafuta ya kuituliza. Safari yake huwa kama milimita 50 hadi 63. Ili ianze kusogea lazima kwanza ishinde msuguano wa ndani, na mtetemo mdogo wa lami hauna nguvu hiyo. Matokeo yake, kwenye lami ya kawaida inakaa kimya kama foku ngumu, huku ukiwa umebeba kilo moja au zaidi ya ziada. Inaamka kwenye tuta tu, na ukisimama kukanyaga mlimani inabonyea na kurudi, ikila nguvu uliyoitoa kwa jasho. Baada ya msimu mmoja au miwili ya mvua inaanza kucheza kwenye viungo, na vipuri vyake aghalabu haviuzwi. Unabadilisha foku nzima. Hela iliyowekwa humo imetolewa mahali pengine, na pahali penyewe ni habu, rimu na breki. Ndiyo maana baiskeli mbili za bei moja zinaweza kuwa na sura ya kifahari huku na uimara kule.

Sasa ganzi. Vidole viwili vya mwisho vinalishwa na mshipa wa fahamu unaopita kwenye kitako cha kiganja, upande wa kidole kidogo. Ukilalia usukani kwa sehemu hiyo, mshipa unabanwa. Springi haigusi jambo hili. Fuata mpangilio huu, jambo moja kwa wakati mmoja ili ujue lipi limesaidia:

Kwanza siti. Ikiinama mbele hata kidogo, mwili unateleza na mikono inageuka kuwa nguzo ya kukuzuia. Ilaze sawa, uipime kwa pima maji au kwa ubao mrefu uliowekwa juu yake. Pili, upepo wa tairi. Nitautaja hivi punde. Tatu, usukani. Mwanzoni uwe juu kidogo ya siti au usawa nayo. Kwenye haibridi nyingi, shingo ya usukani inaweza kugeuzwa juu chini ikaongeza kimo, na pete za nafasi zilizo juu yake zinaweza kuhamishiwa chini. Nne, vishikio: vile vyenye bawa pana la kulaza kiganja vinatawanya uzito na gharama yake ni ndogo. Mwisho ni mazoea. Endesha viwiko vikiwa vimekunjika kidogo, na uhamishe mikono kila baada ya dakika chache.

Ganzi ikiendelea hata ukiwa hujapanda baiskeli, au kidole kikianza kupungukiwa nguvu, mwone daktari; hapo kazi yangu imekwisha.

Gia: hesabu ya mlima wako

Tuichambue hiyo 21. Sahani za mbele zenye meno 48, 38 na 28 pamoja na friwili ya 14, 16, 18, 20, 22, 24 na 28 ni mpangilio unaokutana nao sana. Gawanya 48 kwa 28 upate 1.71. Gawanya 38 kwa 22 upate 1.73. Gawanya 28 kwa 16 upate 1.75. Hizo ni gia tatu kwenye stika, lakini mguuni ni gia moja. Kujirudia kwa aina hiyo kumejaa humo, na hapo hatujataja zile ambazo cheni inavuka ikiwa imepinda mno hata haifai kuzitumia.

Kinachopandisha mlima ni gia nyepesi kuliko zote, yaani idadi ya meno ya sahani ndogo ya mbele ikigawanywa kwa idadi ya meno ya sahani kubwa ya nyuma. Kwa ile 21, 28 kwa 28 ni 1.0. Kwa 2 mara 8, kama ni 46 na 30 mbele na kaseti ya 11 hadi 34, inakuwa 30 kwa 34, yaani 0.88. Ile yenye gia chache inapanda kwa wepesi zaidi. Ya tatu, sahani moja ya 38 na kaseti ya 11 hadi 36, inatoa 1.06. Kwa mlima wa kilomita moja ukiwa na begi, 1.06 utaupanda, ila utasimama mara nyingine. Hesabu meno ya baiskeli yenyewe usitegemee kumbukumbu ya muuzaji. Mara nyingi idadi imechongwa kwenye chuma.

Kwenye tambarare zote tatu zinatosha. Gurudumu la haibridi lenye tairi ya 38 linatembea karibu mita 2.18 kwa mzunguko mmoja. Mbele 46, nyuma 20, miguu ikizunguka mara 80 kwa dakika, unakwenda kilomita 24 kwa saa. Kazini ni chini ya nusu saa.

Neno moja kuhusu majina. Kwa Shimano, kampuni ya vipuri vya baiskeli, kwa miaka mingi Tourney imekuwa ngazi ya chini, kisha Altus, Acera, Alivio, Deore. Kihamisha gia cha nyuma ndicho kinachoonekana kwa mbali, kwa hiyo watengenezaji wengine hukipamba hicho kwa jina zuri huku habu, cheni na kranki (mikono inayobeba pedali) zikiwa za chini kabisa. Altus juu ya habu ya kaseti nzuri inashinda Deore juu ya rimu dhaifu.

Breki

Sitakaa sana hapa. Kwa lami, breki za V, zile za mikono miwili inayobana rimu kwa raba, zilizofungwa vizuri zinasimamisha kilo zako bila wasiwasi, na kuzitunza kunataka alenki ya milimita 5 na raba mpya. Upungufu wao ni mvua: mizunguko ya kwanza ya gurudumu inafuta maji kabla breki haijashika, na mchanga uliolowa unaisugua rimu. Ukuta wa rimu una mfereji mdogo au vitone vya alama. Vikitoweka, rimu imeisha. Diski za waya za bei ya chini mara nyingi zinasukuma pedi moja tu, hivyo zinahitaji kurekebishwa kila pedi inapolika, na nguvu yake haizidi V nzuri. Diski za mafuta ndizo bora kuliko zote kwa mvua na miteremko mirefu, na hapo ya tatu ina haki ya kujivuna. Sharti ni kujua mafuta yake: Shimano hutumia mafuta ya madini, wengine hutumia DOT, mafuta ya breki kama ya gari, na ukichanganya unaharibu mipira ya ndani.

Tairi, upepo, na zile za mzee

Za mzee zisiingie kwenye hesabu. Tairi za inchi 28 za baiskeli za breki za fimbo, zile zilizoandikwa 28 × 1½, zinakaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 635. Haibridi ni 700C, yaani 622. Tofauti ni milimita 13: tairi ya 635 inapwaya juu ya rimu ya 622, na ukiijaza upepo inachomoka. Lipuuze neno inchi, soma namba ndogo ubavuni, kwa mfano 37-622 au 40-622. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha rimu, na ya pili lazima ilingane sawasawa. Tairi za baiskeli yako ya sasa ni 559, nazo haziingii vilevile.

Upana ninaokutakia ni 35 hadi 40, uso laini wenye mistari midogo, na mkanda wa kuzuia pancha ndani. Meno makubwa kwenye lami yanavuma, yanalika haraka na yanakurudisha nyuma.

Upepo ndio springi yako halisi. Wewe, begi na baiskeli mnakaribia kilo 110, na sehemu kubwa inakalia nyuma. Kwa tairi ya 38 anza na psi (kipimo cha upepo) 60 nyuma na 50 mbele, alimradi ubavu wa tairi haujaandikwa kikomo kilicho chini ya hapo. Endesha siku mbili, halafu punguza au ongeza 5. Usukani ukitetema kwenye lami nzuri, umezidisha. Ukipata pancha yenye matundu mawili yanayotazamana, tyubu imebanwa na rimu: upepo ulikuwa mdogo. Kubonyeza kwa dole gumba hakukuambii chochote kwenye tairi za namna hii, kwani 35 na 60 zote zinahisi ngumu. Nunua pampu ya kusimama yenye geji, upime kila wiki. Kuna watu wanaohangaikia uzito wa fremu huku wakiendesha kwa psi 30; sijui niwaambieje.

Saizi

Namba ya saizi kwenye fremu inapimwa tofauti na kila mtengenezaji, kwa hiyo ichukulie kama dokezo. Simama ukiwa umelitia bomba la juu katikati ya miguu, na viatu vyako vya kila siku: nafasi ya sentimita 3 hadi 5 itoshe. Kisha siti. Vua viatu, bana kitabu kati ya mapaja hadi kiguse juu, pima kutoka mgongo wa kitabu hadi sakafuni. Zidisha kwa 0.883. Ukipata, tuseme, 80, siti yako inaanzia sentimita 70.6 kutoka katikati ya ekseli ya kranki hadi juu ya siti. Hakikisha bomba la siti halijavuka alama ya mwisho. Likivuka, fremu ni ndogo kwako na linaweza kuivunja. Urefu wa mbele ndio usiorekebishika kirahisi. Siti ikiwa mahali pake, ukishika usukani bado uweze kukunja viwiko. Ukilazimika kunyoosha mikono kama fimbo, ganzi itakufuata kwenye baiskeli mpya.

Ukaguzi wa ile iliyotumika

Nenda mchana, ukiwa na rula ya sentimita 40 na kitambaa. Geuza baiskeli kwanza: namba ya fremu chini ya ekseli ya kranki iwepo na isomeke. Ikiwa imekwanguliwa, ondoka, bei iwe vyovyote.

Futa fremu kwa kitambaa mahali bomba zinapoungana, hasa chini ya shingo ya usukani na pale bomba la siti linapoingia. Mstari mwembamba kwenye rangi unaofuata kiungo unaweza kuwa ufa. Rangi iliyojikunja kama mawimbi nyuma ya gurudumu la mbele inaonyesha iligonga kitu. Fremu ya alumini yenye ufa haitengenezeki kwa pesa ndogo.

Pima cheni. Jozi 12 za vipande, kutoka pini hadi pini, cheni mpya ni milimita 304.8. Ikifika 307, imeisha. Na ikiwa imepita hapo kwa muda mrefu, kaseti nayo imelika pamoja nayo, na cheni mpya itaruka juu ya meno ya zamani ukikanyaga kwa nguvu. Hesabu basi cheni na kaseti, pengine na sahani ya mbele, uzitoe kwenye bei mliyopatana.

Shika kranki zote mbili uzitikise kuelekea fremu na kutoka. Mchezo wowote ni beringi za katikati au bolti iliyolegea. Tikisa magurudumu ubavuni vivyo hivyo. Vuta breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, weka kidole pale usukani unapoingia kwenye fremu: ukihisi kugonga, beringi za hapo zimelegea au zimeisha. Breki za mafuta zikiwa sponji, au mpini ukigusa usukani, zina hewa; hilo linatibika. Mafuta yakivuja kwenye diski, pedi zimekwisha nazo. Mwisho, jaribu kushusha bomba la siti. Likigoma kabisa limeganda kwenye fremu, na kuling'oa kunaweza kukugharimu fremu.

Ikipita yote haya, na saizi ikakukaa, chukua ya tatu bila kujuta, ukiwa na tofauti ya bei mfukoni kwa ajili ya cheni na kaseti. Ikikwama kwenye fremu, saizi au bomba la siti, rudi kwa ya pili. Vitu hivyo vitatu ndivyo visivyonunulika baadaye.

Kabla ya kuondoka dukani, na kilomita 100 za kwanza

Usimalize hela yote kwenye baiskeli. Bakiza sehemu ya tano hivi kwa kufuli, pampu, taa, madigadi na keria. Begi la kilo 5 likitoka mgongoni kwenda kwenye keria, mabega na mikono vinapumua. Tazama kama fremu ina matundu ya kufungia keria na madigadi karibu na ekseli ya nyuma. Isipokuwa nayo utakuwa ukihangaika na vibano vinavyolegea.

Baiskeli zinazofika dukani kwenye boksi huunganishwa kwa haraka. Kosa linalochekesha lakini hutokea kweli ni foku kufungwa ikitazama nyuma: mpindo wake uelekee mbele, na kwa breki za V, mikono ya breki ikae mbele ya foku. Pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume, na ikilazimishwa kwa mwelekeo wa kawaida inaharibu nyuzi za kranki. Nguvu ya kukaza pedali ni Nm (nyutoni mita) 35 hadi 40, baada ya kupaka grisi.

Kranki ya kushoto ndiyo inayosumbua kuliko zote. Baada ya siku chache inaanza kutoa mlio wa kugonga kila ukikanyaga. Ukiupuuza, chuma kigumu cha ekseli ya mraba kinalipanua tundu la kranki ya alumini, na hapo kukaza hakusaidii tena, unanunua kranki. Kaza bolti hiyo kwa spana ya kupimia nguvu, Nm 35 hadi 50, siku ya kwanza na tena baada ya kilomita 50 hivi.

Ukifika 100, mrudishie fundi akaze spoki na arekebishe waya. Mirija ya waya inakuwa imejikalia, hivyo cheni inasita kupanda sahani kubwa ya nyuma. Hilo unaweza hata kulimaliza mwenyewe: zungusha kirekebishi cha waya kinyume cha saa, robo mzunguko kwa kila jaribio, huku pedali zikizunguka, hadi cheni ipande bila kusuasua. Ikianza kusita kushuka, rudisha robo moja.

Fundi wa safu